Jenereta Juu ya Mahali pa Mama

Watu hupenda kuniuliza kama ni vizuri kumpangishia nyumba mtu wa ubalozi. Wananiuliza sokoni, wananiuliza baada ya misa, na juzi mmoja kaniuliza nikiwa saluni na dawa kichwani, siwezi hata kukimbia. Wanajua kwamba hapa Bariadi sisi ndio tulioonja. Wanategemea niwape habari za kodi. Mimi huanza kwa kuwauliza: kwenye kiwanja chako kuna kaburi? Mtu akisema hakuna, namwambia apangishe, asisite. Akisema lipo, namvutia kiti.

Nyumba yenyewe aliijenga baba. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba, mtu wa vidole vyeusi kwa grisi hata siku ya Noeli. Aliijenga msimu kwa msimu: pamba ikiwa na bei, ukuta unapanda, bei ikianguka, ukuta unasubiri na sisi tunasubiri nao. Alipofariki tulimzika humo humo kiwanjani, upande wa mashariki, kwa sababu wakati huo mtaa wetu ulikuwa bado mashamba na hakuna aliyetuuliza.

Mama, ambaye ulimi wangu haujawahi kumwita kwa neno lingine ila mayu, alisubiri waombolezaji wapungue. Kisha akatandika mkeka wake kushoto kwa kaburi akajilaza juu yake, mchana kweupe, macho yakitazama juu. Shangazi akapiga yowe akidhani amezirai.

"Sijazirai," mayu akasema. "Napima."

Nyumbani kwetu mke hulala kushoto kwa mumewe, akiwa hai na akiwa amekufa. Mayu alipomaliza kupima alikung'uta mkeka wake akaenda kuangalia chungu jikoni. Hakuweka jiwe wala kijiti. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyepanda hata mchicha pale, na kila Jumamosi alipafagia pamoja na kaburi kwa ufagio ule ule. Mtu wa kwetu akiona ardhi iliyofagiwa kando ya kaburi, anajua ina mwenyewe. Na hasemi kitu. Mtu aliye hai hatajiwi mahali atakapolala. Ukimtajia umemwitia kifo. Mwenyewe anaweza kujisemea. Mwingine hapana, hata awe mwanawe wa kumzaa.

Ndugu zangu walipotawanyika na miguu ya mayu ilipoanza kumsumbua, nilimchukua kwangu, ng'ambo ya pili ya mji, tukaanza kupangisha. Mpangaji wa kwanza alikuwa mnunuzi wa pamba. Alilaza magunia chumbani kwa baba, yeye akalala sebuleni, na alipohama aliondoka na balbu zote, hata ya chooni. Akafuata mtumishi mmoja wa Mungu ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa na ushuhuda badala ya kodi. Kwa hiyo dalali alipokuja kuniambia kwamba kuna mtu wa ubalozi anatafuta nyumba, anasimamia mradi wa maji vijijini na amechoka kukaa hotelini, sikumwacha amalize sentensi. Jirani yetu mzee mmoja alishangaa. "Balozi? Si tunaye tayari, wa nyumba kumi?"

Mpangaji mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mrefu, mwenye Kiswahili cha darasani kilichonyooka kuliko changu. Na niseme haki yake: sijawahi kuona mpangaji kama yule. Kodi ya mwaka ililipwa kabla hajaingia. Paa lililovuja tangu enzi za baba likazibwa. Kuta zikapakwa rangi, bomba zikabadilishwa, na nyumba ikasimama kama bibi harusi. Mayu alitoa masharti mawili tu: kaburi lisiguswe, na yeye aruhusiwe kuingia Jumamosi kufagia. Yule mama aliweka mkono kifuani akakubali. Na alitimiza. Kaburi la baba alilizungushia mawe meupe ambayo hakuna aliyemwomba.

Msimu wa kupalilia ulifika, mayu akaenda Nkoma kwa ndugu zake kumuuguza dada yake. Wakati huo ndipo mafundi wa ubalozi walipokuja kutoka Dar es Salaam. Mkataba uliwaruhusu kufanya lolote la usalama. Wakainua ukuta, wakaweka nyaya na kamera. Kisha wakatafuta mahali pa jenereta: pawe tambarare, pawe mbali na madirisha, pasiwe na mti. Wakapaona. Pamefagiwa kabisa. Wakamwaga zege.

Siku mayu aliporudi tulikwenda pamoja. Mlinzi getini, mtu mzima wa kutoka Migato, alikuwa na amri ya kukagua kila anayeingia. Alikagua mkoba wa mama yangu na ufagio wake huku akitazama chini kwa aibu. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia, na mayu akaitikia, "Mwangaluka mhola." Tukaingia. Jenereta ilikuwa ikinguruma, umeme ulikuwa umekatika, na moshi wake ulielekea moja kwa moja kichwani kwa baba.

Mayu alisimama. Alifagia kaburi la baba mpaka ukingo wa zege, ufagio ukagonga zege, akasimama tena. Halafu alimgeukia mlinzi.

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mayu. Niliwaambia pana mwenyewe. Wakaniuliza, yuko wapi? Ningewajibu nini? Ningemtaja nani?"

Mayu akatikisa kichwa taratibu. Alimwelewa kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya fensi kwa hasira, na jibu lile lilinizidishia hasira kwa sababu hata mimi nisingeweza kulijibu swali lile.

Nilianza na njia za watu wa mjini. Nilimtafuta mwanasheria mmoja, tena nikamwelezea kwa sauti ya juu, wateja wengine wakageuka. Alinisikiliza kwa upole. Akaniambia mtu wa ubalozi haburuzwi barazani kama mimi na jirani yangu tukigombea mpaka. Nyumba ni yenu, akasema, lakini mlangoni kwake serikali hubisha hodi. Nilitoka pale nikiwa nimejifunza kitu ambacho dalali hakukisema: mpangaji mzuri kuliko wote ndiye usiyeweza kumgusa.

Nikamwendea mwenyewe. Alinikaribisha chai, mbwa wake akaweka kichwa miguuni pangu. Nikaanza kuzunguka. Nikasema jenereta inamsumbua mama. Nikasema pale ilipo si pazuri. Nikasema sisi tuna heshima zetu. Kila nilipokaribia neno lenyewe, nilikimbilia kikombe cha chai. Ningesemaje? Kwamba pale ndipo nitakapomzika mama yangu? Kinywa kilichonyonya kwake? Yule mama aliitikia kwa huzuni ya kweli, akaniahidi kulishughulikia. Jumamosi iliyofuata tulikuta ameijengea jenereta kibanda cha mabati ili kelele zisimsumbue mayu anapofagia. Alitusindikiza mwenyewe kutuonyesha, akisubiri tufurahi.

"Wabeja sana," mayu akamshukuru.

Mvua zilipokatika mayu alianza kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi. Hospitali walisema ni moyo, wakatupa dawa, akazinywa bila ubishi, jambo lililonitisha. Mjomba, kaka yake, akaja kutoka Nkoma na kuku wawili na ushauri. Tulikaa naye nje, akasema kwa sauti ya chini kwamba kule kwao nafasi ipo, karibu na wazazi wake, na kwamba nisijisumbue na wazungu. Tulidhani mayu amelala.

"Ng'ombe mlizirudisha?" sauti yake ikatoka ndani.

Mjomba akavua kofia.

"Nakuuliza. Baba yao alitoa ng'ombe, mkazipokea, mkazila. Nilitoka Nkoma mkinisindikiza kwa ngoma. Leo mnirudishe nikiwa kwenye sanda, watu waseme nini? Kwamba niliachika nikiwa mfu?"

Mjomba alikunja kofia yake mara mbili tatu. Hakulizungumza tena. Ndipo na mimi nilipoelewa kwamba lile halikuwa suala la udongo huu au ule. Maisha yake yote ya ndoa, vile alivyolima, alivyozaa, alivyomfulia mtu nguo za grisi, yalikuwa yanasubiri muhuri, na muhuri wenyewe ulikuwa kile kipande cha ardhi chini ya zege. Akizikwa pengine, hata Nkoma kwenye wema wote, angekuwa mwanamke aliyerudi kwao.

"Niitie huyo mpangaji," akaniambia. "Wewe huwezi kusema. Nitasema mwenyewe."

Alikuja siku ile ile mchana, gari kubwa likaziba uchochoro wetu, watoto wakalizunguka. Alimwacha dereva nje akaingia akiinama mlangoni. Mayu alikataa kulala. Tuliegemeza mito, akajifunga kitenge kipya. Nilimletea mgeni kigoda. Mayu akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kila neno likisimama peke yake. Kwamba pale penye mashine ni pake. Kwamba alipapima kwa mgongo wake. Kwamba siku zake si nyingi na anaomba mlango wake ufunguliwe.

Yule mama aliweka mkono mdomoni. "Kwa nini hamkuniambia?" akasema, akinitazama mimi. Akaeleza kwamba yeye hana ruhusa ya kusogeza hata waya mmoja. Lazima aandike Dar, na Dar waandike kwao, na wakaguzi waje. Alisema itachukua muda. Akatazama miguu ya mayu iliyovimba.

Mayu akamuuliza, "Mume wako yuko wapi?"

"Alifariki, mama. Miaka mingi. Tulikuwa kazini nchi nyingine."

"Umemlaza wapi?"

"Huko huko. Halafu nikahamishwa."

"Nani anamfagilia?"

Nilitaka kuingilia kati, nikaona ni swali la kumuumiza mgeni bure. Lakini hakuwa ameumia kwa namna niliyoifikiria. Alikuwa anatafuta. Unaweza kumwona mtu anapopekua ndani ya kichwa chake na kukuta hamna kitu.

"Sijui, mayu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akalia, mwanamke yule mrefu, juu ya kigoda cha jikoni, na mayu akamshika mkono akamwacha alie mpaka alipomaliza.

Hakuandika Dar. Au aliandika na hakungoja majibu, sikuuliza. Wiki ile ile alileta mafundi wa hapa hapa mjini, wakang'oa mabati, wakaisukuma jenereta kwa magogo hadi nyuma ya jiko, wakavunja zege kwa nyundo. Mlinzi wa Migato aliacha geti akaja kuwasaidia. Udongo uliokuwa chini ulikuwa mweupe na mkavu. Yule mama aliagiza maji, akaumwagilia mwenyewe kwa ndoo.

Wakaguzi walipofika waliandika kwamba nyumba haifai tena. Jenereta ilikuwa karibu mno na jiko, na waya zilikuwa zimepitishwa ovyo. Mkataba wao uliwaruhusu kuondoka watakapo, wakaondoka. Yule mama alihamishiwa nchi nyingine kabla mradi wa maji haujakamilika. Watu walinicheka kimya kimya: kanisa zima lilijua nilivyokuwa nikijivunia mpangaji wangu. Siku ya kuondoka alipita kwetu kuaga. Mayu alimpa ufagio mpya, wa njukuti za mnazi, amefunga kitambaa kwenye mpini. Aliupokea kwa mikono miwili. Sijui kama uwanja wa ndege walimruhusu nao.

Mayu alirudi nyumbani kwake, chumbani kwake, na kwa sababu alikuwa pale mahali pake alipopataka, akajikaza akaishi mpaka pamba ikavunwa. Jumamosi alikuwa anafagia akiwa amekaa, akijisogeza. Nilitaka kumpokea ufagio, akanifukuza. Siku moja nikaona amepita mahali pake, amevuka mpaka upande wa pili wa kaburi la baba, kulia, anafagia kiwanja cha ukubwa wa mkeka.

"Hapo pa nani, mayu?"

"Pa yule mume wa mwenzangu. Huko aliko hafagiliwi. Tumfagilie hapa. Nikilala, usipasahau."

Tulimzika kushoto kwa baba, kama alivyopima. Wachimbaji waliokota vipande vya zege vilivyobaki wakavitupa nje ya ukuta, nikavikanyaga nikipita. Mjomba wa Nkoma alikuwa wa kwanza kutupa udongo.

Mwaka huu wamekuja watu wa ubalozi mwingine. Wastaarabu, wana barua zao, wanataka nyumba. Nimewatembeza kila chumba. Tulipofika uani walisimama kwa heshima mbele ya makaburi mawili, wakasema hawatayagusa. Halafu fundi wao akapaona kulia kwa baba, pamefagiwa, tambarare, mbali na madirisha, akauliza kama pako wazi waweke jenereta.

"Hapana," nikamjibu. "Hapo pana mtu."

Akatazama ardhi, akanitazama mimi. Akaniuliza ni nani. Na kwa kuwa huyo alishakufa, nilikuwa na ruhusa ya kumsema, nikawavutia viti.