Nilimwambia Daktari Naumwa Magoti

Leo nimejikojolea mbele ya daktari, jamani.

Anayeandika ni mjukuu wangu Zuhura. Andika, mama, acha kucheka.

Nimeenda zahanati hapa Kidodi. Nikamkuta kijana anayesomea udaktari, kaletwa ajifunze magonjwa yetu haya ya kila siku. Mzuri, mweusi kama marehemu babu yenu. Akainama, "Shikamoo, bibi." Nikaitika marahaba.

Sasa mtu umeshamwitikia marahaba, utamwambiaje mambo ya mkojo?

"Bibi, unasumbuliwa na nini?"

"Magoti."

Magoti yangu mazima! Jana tu nilikuwa napalilia.

Akasema nichuchumae, halafu niinuke. Nikachuchumaa vizuri kabisa. Kuinuka, nikakohoa, si mnajua vumbi la malori ya miwa. Mkojo huo, mpaka kwenye kandambili. Sikujua niangalie wapi.

Yule kijana hakucheka. Akafunga mlango, akasema polepole, "Bibi, hili wanalo kina mama wengi, na linatibika. Mbona umenificha?"

"Mwanangu, umenipa shikamoo!"

Hapo akacheka, na mimi nikalia.

Basi kanifundisha kubana huko chini, kama mtu anayezuia mkojo, halafu naachia, halafu nabana tena. Anasema nifanye kila siku, hata nikiwa napika. Baada ya wiki chache nirudi anione.

Hapa ninapoongea nabana.

Lakini aibu, wanangu, aibu sijaimaliza. Wanawake wenzangu, nani mwingine anabana? Jibuni, nisiwe peke yangu.