Kidole Gumba Kiliteguka Tu

Enzi zetu, kule kwetu Msalala, hakuna mtoto aliyevunjika. Tuliteguka tu. Ungedondoka kutoka mtini, mkono ukaning'inia kama kengele ya ng'ombe, watu wazima wangekutazama na kusema, "Ameteguka huyu, leteni samli." Kuvunjika kulikuwa habari ya lori, hospitali ya mjini na mbuzi wawili kutoka zizini. Kuteguka kulimalizwa nyumbani, kabla matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, hayajaiva chunguni.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumshika ndama wakati mama akikamua. Baba alishasema mpaka akachoka: "Kamba ishike kiganjani, Masanja. Usiivae kama pete." Mimi uvivu nilizaliwa nao. Nikaizungushia kidole gumba, nikaegemea nguzo ya zizi, nikasinzia. Ndama akasikia harufu ya maziwa, akachomoka. Nilichosikia mimi ni mlio wa ukuni mbichi unavunjwa, pale gumba linapoanzia.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufanye mtihani wa darasa la saba.

Mama alikiminya kidole, nikapiga yowe kuku wakatawanyika. Akakiachia polepole.

"Kimevunjika?" baba aliuliza kutoka nje ya zizi. "Maana kama kimevunjika, mtihani aache, akachunge. Ng'ombe hawataki kalamu."

"Kimeteguka," mama akajibu.

"Una hakika, mama Masanja?"

"Nimesema kimeteguka."

Akakikanda kwa samli, akakifunga kwa kipande cha kanga, akanifundisha kubana kalamu kati ya kidole cha shahada na cha kati. Kila jioni niliandika jasho likinitoka, mwandiko kama kuku kapita kwenye tope. Nilifaulu, kwa kuchechemea. Nikasoma hadi kidato cha nne, kisha nikarudi nyumbani kuwa fundi wa kukalia stuli.

Mwaka jana daktari mmoja wa Geita alinipiga picha ya mkono, akashangaa. "Mzee, hapa palivunjika zamani, pakaunga vibaya. Hukutibiwa?"

"Nilitibiwa," nikamwambia. "Kwa samli."

Nilipompelekea mama ile picha, hata hakuitazama. "Nilijua siku ileile," alisema. "Ningesema ukweli, ungekuwa unachunga mpaka leo."

Binti yangu naye gumba linamuuma, kwa sababu ya simu. Amepewa kifaa cha kuvaa mkononi na jina la ugonjwa refu kuliko ukoo wetu. Simcheki. Namcheka kidogo. Watoto wa siku hizi wanaambiwa ukweli wote, tena kwa karatasi yenye muhuri, na ni vizuri. Mimi kifuniko cha chupa nafunguliwa, ugali nasongewa, na asubuhi za kipupwe mkono unachoka kabla sijaanza kazi, ambayo kusema kweli siianzi.

Mama tulimzika wakati wa mavuno. Sasa nikisema kidole kinauma, wote wananiambia twende hospitali. Hakuna aliyebaki wa kuniambia hakijavunjika, nami nikaamini, nikashika kalamu.