Shemeji Anamtaka Yule Anayelia Sana

Admin, naomba ufiche jina langu na picha yangu. Shemeji yangu naye anafuata ukurasa huu, ila ni mvivu wa kusoma mambo marefu, kwa hiyo nitaandika marefu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne. Nilizaliwa Butembo, Kongo, nikavuka mpaka nikiwa msichana, na sasa nauza vitenge na maharage hapa Bwera, Uganda. Mume wangu ni Mganda, Mwislamu, dereva wa lori la mizigo. Mimi nimebaki Mkatoliki. Tunataniana kuhusu dini bila kugombana, isipokuwa jambo moja, mbwa. Kwa mume wangu mate ya mbwa ni najisi, na hataki mbwa akae mahali anaposwali. Nalijua hilo na naliheshimu. Lakini mwanzoni mwa mwaka mbwa jike wa mtaani alizaa nyuma ya stoo yangu watoto watatu wa mchanganyiko, masikio ya kizungu, mkia wa kienyeji. Baba yao sitaki kumsingizia mtu, lakini yule mbwa mkubwa wa walinzi wa ghala anajijua. Mama yao akagongwa na gari. Binti yangu, nimwite Zaina ingawa si jina lake, akawalea kwa maziwa hukohuko stoo. Mume wangu akaniomba kwa upole niwatafutie makao kabla hawajakua.

Hapo ndipo shemeji akajitokeza, akasema anataka mbwa. Ni mdogo wa mume wangu, anafuga ng'ombe Hamukungu, kule ziwani ndani ya mbuga. Ng'ombe wetu wachache wako kwake, pamoja na ndama ambaye Zaina alipewa na babu yake. Ni mcheshi, haji mikono mitupu, kila akija ana samaki. Nilimshukuru Mungu. Aliwatazama watoto wa mbwa wakicheza, akamchagua aliyekuwa anaruka na kupiga kelele kuliko wenzake. Nilimfunga yule mbwa ukanda wa kitenge cha njano shingoni, aende kwake akiwa amependeza. Baada ya muda shemeji akarudi, akasema mbwa ametoroka. Akachukua wa pili, tena mwenye kelele. Naye akatoroka. Nikamtania kwamba labda mbwa wangu hawapendi samaki wake. Alicheka, lakini hakunitazama.

Mwezi uliopita mke wake alijifungua, tukaenda kumpongeza. Mchana, watu wakiwa wanakula, nilizunguka nyuma kutafuta mahali pa kujisaidia. Karibu na vichaka, mbali na nyumba na mbali na zizi, niliona kigingi kimesimama peke yake. Ardhi ilikuwa imekwaruzwa pande zote. Kamba ilikuwa imekatika, na kwenye kipande kilichobaki kulikuwa na kitenge changu cha njano.

Mke wa shemeji nilipomuuliza hakuona hata haya. Alikuwa ananyonyesha, akanieleza kama mtu anayekufundisha kupika. Chui anapenda nyama ya mbwa kuliko ya ndama. Ukimfunga mbwa mdogo kule mbali akalia, chui atamfuata yeye, na akishiba anaacha zizi. Kumtega chui ni jela, na sumu inaleta maafande wa mbuga. Nikamuuliza, na siku mnayokosa mbwa?

"Mama Zaina, siku ile mbwa haikukuwa, chui ilikuja mpaka kwa mulango," alisema, akanyoosha kidole kwenye chumba wanacholala watoto. "Ile ndama ya Zaina iko hai juu ya nini, unafikiri?"

Njiani kurudi nilimwambia mume wangu. Alisema alikuwa anajua tangu mbwa wa kwanza. Ndugu yake ana watoto, akasema, na mbwa ni mbwa. Sijawahi kumwogopa mume wangu, lakini siku hiyo nilimwogopa kidogo.

Amebaki mmoja, Bonane, tulimwita hivyo kwa kuwa walizaliwa siku za mwaka mpya. Anaiba kandambili za wateja, anaukimbiza mkia wake mpaka anaanguka kwenye magunia. Nampenda, nisiwafiche. Nimempata mama mmoja mjane wa Karusandara, nyani wanamaliza mahindi yake, na anamtaka mbwa huyu kwa moyo wote. Lakini shemeji anakuja Ijumaa kumchukua, na mume wangu ameshamkubalia. Nikiwaza kumpeleka Karusandara, namwona yule mtoto mchanga nyuma ya ule mlango mwepesi wa mabati. Nikiwaza kumpa shemeji, nakiona kile kigingi. Na nikimnyima, atamtafuta mbwa wa mtoto mwingine.

Zaina hajui kitu. Anafikiri Bonane anakwenda kuwa mlinzi wa ndama wake. Shemeji alimpigia simu akampa kazi: kila jioni amfunge kamba nyuma ya stoo, aondoke, mbwa azoee. Mtoto anaifanya kwa bidii kuliko kazi za shule. Jana alinijia jikoni mbio, uso umejaa furaha.

"Mama, Bonane amejua sasa. Nikimuacha peke yake, analia muzuri, mpaka kwa barabara wanasikia."

Nilimwambia vizuri, mwanangu, nikageukia sufuria asinione machozi.

Ndugu zangu mnaosoma, nyinyi wenye mifugo na nyinyi wenye watoto, Ijumaa ni keshokutwa. Mngekuwa mimi, mngefanya nini? Msinitukane, nishaurini tu, na mjibu mapema. Hata sasa hivi ninapoandika, Zaina ameshamfunga Bonane, na ninamsikia mbwa analia.