Simu ya kioo na maganda ya korosho

Jamani, leo hapa mtaani Chuno nusura niunguze nyumba ya mdogo wangu!

Shemeji Zuhura, mkewe, anabishana eti simu imara ni ya plastiki, ikianguka unaiokota. Mimi, niliyefukuza kiboko Ruvuma kwa kasia, nikamwambia, "Ya kioo ni jiwe. Tazama nikubangulie korosho, nizipasue ganda kwa simu yangu hii."

Ya kwanza ikabanguka. Ya pili, mgongo wa simu ukapasuka.

Betri ikafura. Moshi!

Nikaitupa, ikatua kwenye maganda ya korosho. Mnajua mafuta yake yanavyowaka! Moto ukalipuka.

"Mchanga, shemeji, mchanga!" Zuhura akanipigia kelele. Akamwaga mwenyewe, mimi nimeduwaa.

Moto umezimika. Simu yangu imefukiwa uani.

Na inaita.

Nani aje kuifukua? Mimi simo.