Mpira wa Pipa

Mimi ndiye mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Kabambare, kama majani yanayofyekwa kwa kupangiana zamu yanaweza kuitwa kiwanja. Kazi yangu ni kufukuza mbuzi na kupima mafuta. Katika ndege ndogo zinazofika huku, mshale wa mafuta hauaminiki. Rubani hupanda juu ya bawa, hufungua tangi na kutumbukiza kijiti chenye alama, kisha hutazama kimelowa hadi wapi. Pipa la akiba, lililosimama nje ya kibanda changu, nililipima vivyo hivyo kwa mwanzi niliouchonga mwenyewe. Niliringia mwanzi ule, mjinga mimi.

Yaya, dada yangu mkubwa aliyenilea mama alipofariki, aliuza mawese. Alifunga bidoni, dumu lake la plastiki, kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka soko la Lusangi. Siku moja alipita kibandani, sketi imelowa mafuta mekundu.

"Mudogo wangu, bidoni yangu iko inavuja. Mafuta inaishia mu njia."

Kifuniko chake kilikosa mpira wa kuziba. Nikatazama huku na huku, nikaliona pipa. Tangu kiangazi hakuna ndege iliyolihitaji. Nikauchomoa mpira wa kifuniko cha pipa, nikaupunguza kwa wembe, ukakaa sawasawa kwenye bidoni. Yaya akacheka, akaniachia chupa ya mawese, akaenda zake. Kifuniko cha pipa nilikirudisha hivyo hivyo, bila mpira.

Mvua zikanyesha miezi mizima, maji yakituama juu ya pipa.

Kisha tumbo la Yaya likajifunga. Muuguzi alisema anahitaji kupasuliwa, na wa kumpasua yuko Kasongo. Njia ilikuwa matope matupu. Kwa pikipiki asingefika. Tukaita ndege. Rubani akanipigia simu kabla ya kuruka kutoka Kindu.

"Ndani ya pipa iko ngapi?"

Nilitumbukiza mwanzi. Ulilowa hadi nusu. Nilikumbuka kuwa mara ya mwisho yalikuwa chini ya hapo, lakini nilifurahi, na mtu mwenye furaha hajiulizi pipa lisiloguswa limepandaje.

"Iko nusu, patron."

Alikuja akitegemea neno langu. Njiani alizunguka mvua, na alipotua kijiti chake kilitoka kwenye tangi kimelowa vidole viwili tu. Yaya tulikuwa tumeshamlaza kwenye mkeka kando ya kiwanja, amefunikwa kitenge. Rubani akavuta mafuta ya pipa kwa mpira mrefu, akajaza chupa ya kioo, akaishika juani. Juu palikuwa na buluu nyembamba, rangi ya mafuta ya ndege. Chini yake, karibu chupa nzima, palikuwa peupe.

"Ni maji hii," alisema. Hakupandisha sauti. "Mafuta iliyobaki ni kidogo, tena iko na kutu. Haiwezi kuingia mu motere ya ndege."

Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye majani na kumwomba achukue kile cha juu tu, na akatikisa kichwa. Alikuwa na haki, na nilimchukia.

Mafuta yakaagizwa Kasongo, yaje kwa pikipiki. Tukamrudisha Yaya nyumbani kwake. Ndege ilibaki pale, na kutoka mlangoni mwa Yaya bawa lilionekana. Kila alipofumbua macho aliuliza neno moja.

"Mafuta imefika?"

"Bado, Yaya."

Asubuhi ya siku ya pili hakuuliza. Pikipiki iliingia mchana, wakati vijana wanachimba kaburi, dereva amejaa matope hadi kwenye nyusi. Rubani alimimina, akapanda juu ya bawa, akapima. Yalitosha. Alinipa mkono, akaondoka na kiti kitupu. Sikumweleza habari ya mpira wa kifuniko. Sijamweleza mtu.

Baada ya matanga wanawake waligawana vyombo vya marehemu, na mimi nikapewa bidoni ile, kwa kuwa nilikuwa kipenzi chake. Ilikuwa imejaa mawese. Niliiinamisha, kisha nikaipindua kabisa, kifuniko chini, nikaishika hivyo mpaka mikono ikachoka. Halikutoka hata tone.