Dobi wa Mlango Mweusi

To, to, to. Saa kumi na moja alfajiri, chumba bado kiza, bomba linadondosha matone ndani ya beseni tupu. Maji yamerudi. Dobi anajinyanyua kabla mgongo haujapata nafasi ya kulalamika. Mashuka arobaini ya nyumba ya wageni yanamngoja uani.

Mlango anaoufungua ni mweusi tii. Hakuupaka yeye. Miaka miwili iliyopita, watu wa filamu waliiona nyumba yake ya mawe, pembeni kabisa mwa msitu, wakasema wamezunguka kote kutafuta nyumba ya mchawi, kumbe iko hapa.

“Nikawauliza, jamani, mchawi gani anaishi kwenye nyumba inayovuja?” anasema, akikamua shuka. “Wakacheka. Wakasema huyo huyo ndiye tunayemtaka.”

Waliupaka mlango rangi nyeusi, wakarekodi siku tisa, na malipo yao yakaezeka paa upya. Katika hadithi yao, mtoto akinywa maji ya mchawi anageuka mbuzi. Mkono unaoonekana ukitoa kikombe ni wa dobi mwenyewe. Wa mwigizaji ulikuwa laini mno.

Sasa wageni kama thelathini kwa wiki huja kupiga picha mlangoni. Wanachoacha kinatosha sabuni. Ila watoto wa jirani nao waliiona filamu, na tangu hapo hakuna aliyekanyaga uani. Binti yake wa miaka saba huruka kamba peke yake, ncha moja ameifunga kwenye nguzo ya kuanikia.

“Juzi kaniuliza, ‘Mama, kwani wewe unaroga?’ Nikamwambia, mwanangu, ningekuwa naroga, mashuka haya yangejifua.”

Binti alicheka. Mama yake hakulala vizuri. Asubuhi akanunua kopo la rangi ya bluu.

Leo, mashuka yakiwa kambani, anachovya brashi. Kijana anayewatembeza wageni anakuja mbio.

“Dada, utaniharibia kazi! Wageni wanaufuata weusi huo.”

“Uchukue basi, kaka, ukauweke kwako. Mimi nina mtoto.”

“Na sabuni je?”

Dobi anachovya brashi tena. Kisha anaendelea kupaka.

“Nimechoka, we acha tu,” anasema baadaye, bluu imemfika kiwikoni. “Nitaongeza mashuka kumi kwa siku. Nataka tu mwanangu apate wa kumshikia kamba.”

Alasiri, binti wa jirani anasimama barabarani. Anautazama mlango. Anasogea hatua, anasimama tena. Hatimaye anaingia uani, anaipokea ncha ya pili ya kamba mkononi mwa binti wa dobi, anaizungusha.

Wanaruka kwa zamu mpaka jasho linawatiririka. Kisha binti wa jirani anamwendea dobi, anaitazama mikono yake yenye nyufa na bluu.

“Naomba maji ya kunywa.”