Tulivyoonyesha Sidii ya Pili Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae chini, nifunge mdomo, nipanguse sidii. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nimemaliza fomu foo juzi, na nilikuwa nimekuja kuwaeleza hao watu wa ukumbi wa video wa Kaloleni vile wanaharibu kazi. Maoni sijawahi kukosa. Opereta, yaani yule mzee aliyeshika mashini na maiki, alinisikiza mpaka nikaishiwa, kisha akanipa kitambaa.

"Kutoka katikati kwenda nje," akasema. "Usizungushe. Ukizungusha unachora duara, na sidii yenye duara inakwama. Ikikwama watu watanitusi mimi, si wewe."

Nikapangusa. Ile yenye mikwaruzo mibaya nikaipaka dawa ya meno, nikaosha, nikaanika. Nilifanya hivyo miaka miwili kabla sijaruhusiwa kugusa maiki.

Leo niko na miaka ishirini na tisa na nimestaafu. Ukitaka kucheka, cheka umalize, ndio nieleze hiyo kazi ilikuwa namna gani. Kwa sababu nyinyi mnaotazama muvi kwa simu mkiwa mmelala hamjui kitu, na bado mna mdomo.

Ukumbi wetu ulikuwa wa mabati, na mnajua joto la Voi, sihitaji kuongeza. Feni moja, viti vya mbao virefu, tivii ya mgongo mkubwa iliyobebwa na wanaume wanne. Jumamosi mchana walikuja watu wa reli, watu wa mkonge, kina mama wakitoka sokoni. Muvi zilikuwa za Kichina na Kihindi, bila maandishi ya kusoma chini. Hapo ndipo dijei anaingia. Dijei wa muvi si wa disko. Huyu anakaa kando ya skrini na maiki, anapunguza sauti ya muvi, anaeleza kwa Kiswahili kile watu wanasema. Mimi Kichina sijui. Opereta pia hakujua. Tulisoma macho ya mtu, na mikono, na nani anamuogopa nani.

Opereta alikuwa na sheria. Dijei hacheki kabla ya watu. Adui haitwi adui kabla hajafanya ubaya. Kila mtu anapewa jina la hapa, ili mama wa Mbololo asihangaike. Na mtu akifa, unazima maiki, unaacha watu.

Baada ya hiyo miaka miwili nikapelekwa Mbololo na jenereta, tukionyesha kwa ukuta wa shule Jumapili watu wakitoka kanisani. Baadaye Wusi, kwa ukumbi wa kanisa, baridi mpaka maiki inatoa moshi. Huko kote nilipigana na watu. Sikuwa napigana kwa ngumi, napigana kwa maneno, lakini kwa maneno sina huruma. Mtu akiniambia muvi za siku hizi ni kali kuliko za zamani, hatuwezi kula kimanga sahani moja.

Niambie, umeona nini kwa hizo mpya? Giza. Wametumia mashini za kila aina, halafu wanapiga picha ndani ya gunia. Staringi, yule shujaa mwenyewe, anadungwa kisu na bado anapiga stori za kuchekesha. Nani anachekesha akiwa amedungwa? Nilimuona mtu akidungwa hapa stendi ya Voi, hakusema utani hata mmoja. Halafu ukikaa saa mbili na nusu, wanakuambia haijaisha, ngoja nyingine.

Na vitabu vya katuni ni vilevile. Opereta alikuwa na boksi zima chini ya meza, vya zamani, karatasi imekuwa rangi ya chai. Ndivyo vilinifundisha Kizungu, si shule. Hadithi inaanza ukurasa wa kwanza, wa mwisho imeisha, adui ameshikwa, twende nyumbani. Vipya nimesoma pia, msidhani nasema bure. Vimechorwa vizuri, sikatai, kila jasho unaliona. Lakini mtu anakufa namba ya tano, anafufuka namba ya saba, halafu namba ya kumi wanakuambia huyo hakuwa yeye. Sasa mimi nilihuzunika ya nini?

Lakini nataka kusema juu ya muvi moja, kwa sababu ndiyo ilinistaafisha.

Muvi za zamani zilikuja kwa sidii mbili, moja haitoshi. Unaweka A, ikiisha unaweka B. Hii yetu ilikuwa ya Kichina, na ndiyo ilijaza ukumbi kuliko zote. Kwa sidii ya kwanza kuna mwanaume mwenye ndevu, Opereta alimwita Mwadime. Anapanda mlima mpaka kwa mzee mbaya wa nywele nyeupe, wanapigana, anamuua, lakini na yeye amechomwa upanga, anafia darajani kwa mvua. Maandishi ya Kichina yanapita, mengi. Opereta alisema hayo ni majina ya waliokuja matanga.

Kwa sidii ya pili kuna kijana, sura ileile ya Mwadime, bila ndevu. Huyo ni mtoto wake. Anafundishwa kupigana na mwalimu kipofu. Anatokea mzee mwingine wa nywele nyeupe, ndugu wa yule aliyeuawa, anamuua mwalimu. Kijana anazika mwalimu, anachukua fimbo yake, anashika njia. Imeisha. Watu walitoka pale wakiwa wamesimama wima. Kulikuwa na watoto Kaloleni walioitwa Mwadime Mdogo.

Mimi niliitafsiri hivyo miaka saba, huko nilikopelekwa na tena Kaloleni niliporudishwa. Na kila nikibishana, hiyo ndiyo nilikuwa natoa kama bunduki. Nilikuwa nasema, tazameni, baba anakufa katikati, mtoto anaanza upya, nani siku hizi ana akili ya kutengeneza muvi hivyo?

Halafu akaletwa Meneja. Huyu alikuwa mtoto wa dada ya mwenye ukumbi, amesoma kompyuta Mombasa. Akaja na flashi yenye hiyo muvi, safi, nzima, sidii zote zimeunganishwa. Akaniita Alhamisi asubuhi.

"Tazama saa ya muvi inavyoenda hapa chini," akaniambia. "Kijana anaanza. Mwalimu anauawa. Kijana anafuga ndevu, analipiza, anakufa. Ni mtu mmoja. Na nywele nyeupe ni mmoja. Mzee wako amekuwa akionyesha nyuma mbele."

Nikatazama. Nikarudisha, nikatazama tena. Nilikasirika nusura nipige hiyo kompyuta.

"Jumamosi tunaonyesha hii," akasema, "na wewe ndiye unatafsiri. Mzee aje akae na watu aone. Huyo amepitwa na wakati, na hivyo ndivyo watajua."

Ilikuwa wazi anachotaka. Watu wakimcheka Opereta siku moja, Jumatatu hana kazi, na hana jina. Huyo mzee alinitoa kwa kelele akanipa ufundi. Jioni hiyo nikapanda Wusi kwake. Nilimkuta akipalilia sukuma wiki. Nikamweleza yote, haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Hakuniuliza kuhusu Meneja. Alisimama na jembe, akauliza, "Na mtoto je?"

"Hakuna mtoto, mzee. Ni yeye mwenyewe akiwa kijana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akapalilia mstari mzima. "Nitakuja Jumamosi," akasema.

Nikamwambia asije, ajifanye mgonjwa, mimi nitamalizana na huyo Meneja. Akaniambia nichukue sukuma nirudi nazo.

Jumamosi Meneja aliandika kwa ubao wa nje: LEO MUVI KAMILI, SI YA KUDANGANYWA. Ukumbi ukajaa. Opereta alikaa nyuma kabisa, amevaa shati la kanisani. Mimi nikashika maiki, nikatafsiri nusu ya kwanza ile ya kijana. Mwalimu akafa, nikazima maiki. Kijana akachukua fimbo. Na hapo watu wakaanza kusimama na kuvaa kofia, kwa sababu kwao hiyo imeisha.

"Bado kuna nusu," Meneja akasema. "Kaeni."

Mama mmoja anayeuza njugu pale mlangoni akaniangalia mimi, si yeye. "Dijei, leo umeruka baba."

"Sijaruka, mama."

"Umeruka. Kwa daraja hatujafika. Na nimeleta shemeji yangu kutoka Mbololo aone daraja."

"Hakuna baba," Meneja akasema. "Ni mtu mmoja. Mmekuwa mkionyeshwa mwisho kwanza miaka yote hii."

Fundi mmoja wa reli, mtu wa magharibi, mkubwa wa mwili na wa sauti, akageuka polepole. "Mtu mmoja anafia darajani, halafu anarudi shule kujifunza kupigana?"

Ukumbi ukacheka.

"Si anarudi, sikizeni, ni kwamba..."

"Kijana, hii muvi umeikuta hapa. Sisi tumemzika huyo mtu mara ngapi?"

"Muulizeni dijei wenu," Meneja akasema. "Yeye amejionea kwa kompyuta. Sema, ni mmoja ama ni wawili?"

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye mjuaji. Mimi ndiye natukana watu kwa sababu wamekosea jina la adui. Sikumtazama Opereta.

"Ni wawili," nikasema kwa maiki.

Wakapiga makofi. Fundi wa reli akapiga mbao za kiti kwa kiganja. Meneja akakosa hata pa kuweka mikono. Na mimi nikasikia raha, nitasema ukweli, raha ya kumshinda mtu mbele ya watu. Ilikaa kama dakika moja.

Opereta alikuwa anakuja mbele, anapita katikati ya viti, watu wakimpisha.

"Ni mmoja," akasema. Hakuhitaji maiki. "Sidii zilikuja bila kava. Mtu aliandika A na B kwa kalamu, akakosea, na mimi sikuangalia. Siku ya kwanza nilipoona huyo kijana ametokea, nilishikwa. Mlikuwa mmekaa hapo mnaningojea. Nikasema ni mtoto wake. Nilimtunga hapahapa. Mwadime hakuwa na mtoto."

Hakuna aliyecheka. Nilitaka mtu acheke ili nipigane naye.

"Alikufa tu?" mama wa njugu akauliza. "Akaisha?"

"Aliisha, mama. Kaeni tumalize."

Wakakaa. Akachukua maiki mkononi mwangu, akaiweka mbali na mdomo. "Usinisaidie hivyo tena," akaniambia. "Nilishuka kutoka Wusi niseme mwenyewe. Umenifanya nikuumbue wewe kwanza."

Nikampisha kiti cha dijei, nikaenda kukaa na watu.

Akatafsiri nusu ya pili. Kwa majina yaleyale, lakini mlima ulikuwa mrefu zaidi siku hiyo, kwa sababu tulikuwa tumemjua Mwadime akiwa kijana na tulijua anaenda kwa nani. Hakukuwa na ndugu wa kulipiza, hakukuwa na mtu anayebaki nyumbani. Kwa daraja akazima maiki. Mvua ikanyesha pale kwa skrini. Maandishi ya Kichina yakapita yote, na hakuna aliyesimama mpaka yakaisha.

Kisha watu wakatoka, na Opereta alikuwa mlangoni. Mama wa njugu akampa mkono. "Pole, Opereta." Shemeji yake akafuata, hata hamjui. "Pole sana." Fundi wa reli akavua kofia. "Pole, mzee. Alikuwa kijana mzuri." Ukumbi wote ulipita hivyo, mmoja mmoja, kama tumetoka kuzika. Walikuwa wanampa pole ya mtoto. Na yeye alipokea. Alikuwa anajibu, "Asante. Asanteni kwa kuja."

Meneja alingoja wa mwisho atoke ndipo akamwambia Jumatatu asije. Nikaweka funguo za jenereta mezani, nikasema na mimi pia, na nikaongeza mengine ambayo siwezi kuandika. Ukumbi ulifungwa baadaye, sasa ni duka la vipuri. Opereta ako Wusi na sukuma zake. Mimi natengeneza simu karibu na stendi. Ile hoja yangu ya baba na mtoto niliiacha. Muvi iliyotengenezwa vile ilivyo ni bora kuliko ile niliyoipigania, na imenichukua muda kusema hivyo bila kukasirika.

Lakini nyinyi vijana mnanichosha. Juzi mmoja ameniletea skrini imepasuka, ananiambia staringi wake amekufa wiki hii. Nikamuuliza, ulihuzunika? Akasema, ya nini, si atarudi. Nikamwambia akae nimweleze juu ya Mwadime. Akataka kuiona. Sidii zote mbili ninazo, A na B, nimezirekebisha kwa kalamu mpya, nazipangusa kutoka katikati kwenda nje. Deki ya kuzichezesha ndiyo sijapata Voi nzima.